Starter ya Prefe Xavier

Jumatatu, 6 Novemba

Leo nimeona mtu. Nimemsikia kabla ya kumwona. Nilikuwa nimelala chini ya pikipiki ya mtu wa Kadutu, grisi hadi kwenye viwiko, nikasikia: "Bonjour les travailleurs! Patron iko?" Sauti haizeeki. Miaka kumi na sita, na bado ni ileile ya kukata, kama anayeita majina asubuhi.

Prefe Xavier! Mkubwa wa shule yetu kule misheni, Mwenga. Amezeeka. Nywele nyeupe, shingo imekonda ndani ya kola. Lakini suruali imepigwa pasi. Na pikipiki ni ileile, Honda nyekundu ya misheni, siku hizi ina rangi ya tofali la zamani. Sisi wanafunzi tuliisukuma sana ile, ilipokuwa inakataa kuwaka.

Alimweleza Papa Apollinaire, patron wetu, ugonjwa wake. Ni starter. Kile kimkono kidogo upande wa kushoto wa usukani: unakivuta asubuhi injini ikiwa baridi, kinafunga hewa ya kabureta, injini inawaka. Chake kimelika. Ukikivuta hakikai, kinarudi chenyewe. Akikishikilia hawezi kupiga kiki vizuri. Akikiachia, injini inakufa.

— Asubuhi maman Euphrasie, muke wangu, alikuwa ananishikia, alisema. Sasa maman iko hopitali, mwezi wa pili huu. Niko peke yangu na hii moto, hii Honda.

Patron akanionyesha kwa kidevu.

— Huyu Shabunda njo wa bitu bidogo. Muachie.

Shabunda ni mimi. Hapa garage hakuna anayeniita kwa jina langu. Nimetoka upande wa Shabunda, basi imetosha.

Prefe akanitazama. Usoni kabisa, mita moja! Akasema:

— Mutoto wangu, unitengenezee muzuri.

Kisha akapanda mlima kwa miguu. Hakunijua. Hata kidogo.


Jumanne, 7 Novemba

Nimefungua starter. Ndani hakuna siri. Kuna kibati kidogo kinachobana kimkono kisirudi, kimelika hadi kimekuwa chembamba kama karatasi. Na waya umebaki nyuzi tatu. Unakata kipande cha mpira wa ndani wa tairi, unakiweka chini ya skurubu, unapitisha waya mpya, unakaza. Kazi ya saa moja. Kimkono kitakaa mahali pake miaka mitano.

Sikufanya. Nimeviweka vyote ndani ya kopo la maziwa na kwenda kuosha minyororo.

Niandike basi, mara moja, ili kitoke kichwani. Nilikuwa mwaka wa tatu wa sekondari. Karatasi za mtihani wa hesabu zilipotea ofisini mwa prefe. Wiki ile mfagiaji wa ofisi alikuwa mimi. Basi! Hakuuliza zaidi. Siku tatu nilipiga magoti kwenye changarawe mbele ya bendera, tangu kuimba asubuhi hadi kengele ya kwenda nyumbani. Wanafunzi wanapita. Wasichana wanapita. Siku ya nne akafika baba. Alitembea siku mbili kutoka kijijini, jogoo kwapani, zawadi ya kuombea msamaha. Prefe hakumpa hata kiti. Alimwambia mbele ya walimu wote: mtoto wako ni mwizi, nimechunguza mwenyewe. Na kwenye buletini yangu, ile karatasi ya alama, wino mwekundu: amefukuzwa kwa wizi. Kwa buletini ya namna ile shule gani inakupokea? Nikaingia mashimo ya dhahabu, Kamituga. Mgongo wangu umebaki kule, mimi nimekuja hapa na kilichobaki.

Lakini si shule inayoniuma. Ni baba. Kwa baba, prefe hawezi kusema uongo. Mtu wa kalamu, mtu wa misheni! Nilipopata dhahabu ya kwanza nilimtumia bati kumi na mbili. Wabebaji walizibeba mgongoni, porini, kwenye tope. Akazirudisha zote. Alisema hatalala chini ya bati la mwizi. Hadi leo analala chini ya majani, na mvua inamfikia, na kifua kinamsumbua. Dada ananiambia kwenye simu kwamba hamalizi tena njia ya kwenda kanisani bila kukaa chini. Atakufa akijua alizaa mwizi.

Na huyu anakuja hapa: mutoto wangu, unitengenezee muzuri.


Jumatano, 8 Novemba

Nimemtengenezea.

Kimkono nilikiacha ndani ya kopo, nikatoa waya wote uliobaki. Kwenye kabureta nikafunga kipande kifupi cha waya mgumu, nikakipitisha nyuma ya injini hadi chini kabisa, karibu na pahali pa kuwekea mguu. Mwisho wake nikaukunja kitanzi. Kwenye chuma, upande wa ndani, nikachomelea msumari. Unavuta kitanzi, unakitundika kwenye msumari, starter inakaa. Inafanya kazi! Vizuri kuliko ya kwanza. Ila msumari huuoni ukiwa umesimama. Huuoni hata ukiinama. Lazima upige magoti.

Mara mbili. Kuutundika waya kabla ya kiki, na kuutoa injini ikishapata joto. Ukisahau kuutoa, injini inakunywa mafuta kupita kiasi na kukufia katikati ya mlima. Na Bukavu ni milima tu.

Sijawahi kufikiria kazi kwa bidii hivi. Yannick, tunayefanya naye kazi, alikuja kuchungulia.

— We Shabunda, kwa nini usiweke juu kidogo, muzee afikie?

Nikasema juu kuna joto, litaharibu waya. Uongo. Akatingisha kichwa, akaenda.

Prefe alifika saa tisa. Nikamwambia kile kimkono kimekufa, haiko tena pièce, spea ya hii moto, hapa mujini, tumefanya namna nyingine. Nikamwonyesha pahali. Unapiga magoti hapa, papa.

Akatazama chini. Pale mbele ya garage ni changarawe na oili. Akatazama suruali yake. Kisha akashika tanki kwa mkono mmoja, akashuka. Goti moja. La pili. Nilisikia vijiwe vikilia chini yake! Mama wauza avoka wa ng'ambo ya barabara wakaacha kupanga mafungu yao, wakatazama. Yannick naye hawezi kunyamaza:

— Papa, usisahau kutuombea na siye, dhambi ni mingi hapa garage!

Watu wakacheka. Prefe naye akacheka, hiyo sikuipenda. Lakini nilikuwa nimesimama, yeye chini, na niliona kisogo chake chote, mpaka mshono wa kola.

Injini ikawaka kwa kiki ya pili. Akapiga magoti tena, akautoa waya. Akaondoka na madoa mawili ya oili kwenye magoti, duara kabisa.

Nimekula vizuri leo. Nimemaliza sahani na nikaomba nyingine.


Alhamisi, 9 Novemba

Nimepitia Nguba kabla ya kazi. Si njia yangu. Prefe anakaa huko, kwenye kinyumba nyuma ya ukuta wa mabati, barabara inashuka ziwani. Nimejifanya nangoja mtu, nikanunua chai kwa yule wa termosi.

Saa kumi na mbili na robo akatoka. Ardhi ina maji, jana usiku ilinyesha. Baridi ya ziwa! Hapo bila starter hakuna pikipiki inayowaka. Akatazama huku na huku, akashuka kwenye tope. Wasichana wa shule wawili wakapita na sare zao za buluu na nyeupe:

— Papa, unasali kwa moto?

Wakakimbia wakicheka. Akapiga kiki. Akashuka tena.

Chai ilikuwa tamu. Kesho tena. Na kesho kutwa. Kila siku ambayo Mungu ataleta.


Ijumaa, 10 Novemba

Mvua. Sikwenda. Lakini saa kumi na mbili na robo nilikuwa nafunga viatu, nikasema moyoni: sasa. Nikamaliza kufunga kiatu cha pili: na sasa tena.


Jumamosi, 11 Novemba

Amekuja garage. Nilifikiri amekuja kulalamika, nikajiandaa. Hapana! Amekuja na sambaza za kukaanga, vile visamaki vya ziwani, zimejaa kwenye karatasi, bado zina moto. Kwa ajili yangu.

— Mutoto wangu, nimekuletea aksanti.

Nikauliza aksanti ya nini. Akakaa kwenye benchi letu, akaanza. Eti tangu maman Euphrasie aingie hopitali, alikuwa ameacha kusali. Alikuwa amemkasirikia Mungu, hakutaka kumpigia magoti tena. Sasa hii moto inamupigisha kwa nguvu kila asubuhi! Siku ya kwanza aliona haya. Siku ya pili akasema, kwa kuwa niko huku chini tayari, acha niseme Salamu Maria moja. Sasa anasema moja akitundika waya, moja akiutoa. Na jana daktari amemwambia maman anaendelea vizuri.

— Mikono yako iko na baraka, alisema.

Papa Apollinaire akavua kofia. Akavua kofia! Yannick akafanya ishara ya msalaba huku mdomo umejaa sambaza zangu.

Mimi nilisimama na bisibisi mkononi. Nilitaka kumchoma nayo. Nimemtengenezea adhabu, ameigeuza kanisa. Magoti yangu yalitoka damu siku tatu, hakuna Maria aliyekuja. Yake yanaponya wagonjwa!

Nimekula sambaza. Zilikuwa nzuri. Hilo nalo linaniudhi.


Jumapili, 12 Novemba

Nimefua nguo. Sikwenda misa.

Nimeelewa kosa langu. Adhabu ambayo mtu hajui kwamba ni adhabu si kitu. Yeye alinipigisha magoti nikijua, na shule nzima ikijua. Huyu anapiga magoti kama mtu aliyepewa zawadi. Lazima ajue. Lazima ajue ni mimi.

Dada amepiga simu. Baba anakohoa. Anauliza habari za kila mtu ila mimi.


Jumatatu, 13 Novemba

Mambo yamevunjika.

Yannick alikuwa anatafuta skurubu, akamwaga lile kopo la maziwa mezani. Kimkono cha prefe kikatoka. Akakishika, akakichezesha kwa kidole, akakata kipande cha mpira — dakika kumi! — akakifunga kwenye chuma cha bure, akavuta. Kikakaa. Akavuta tena. Kikakaa. Akafanya hayo mbele ya patron, bila ubaya, kama mtoto anayeonyesha mchezo.

— Shabunda, si ulisema hii ilikufa?

Papa Apollinaire hapigi kelele. Ndiyo ubaya wake. Akanipeleka nyuma, kwenye matairi ya zamani.

— Niambie.

Nikamwambia. Yote: karatasi, changarawe, jogoo, bati. Sijawahi kumwambia mtu. Alisikiliza huku anafuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja. Nilipofika kwenye msumari, akakaribia kucheka, nikaona. Akajizuia.

— Ule muzee alikukosea sana, alisema. Hiyo ni ya kweli. Lakini batu wanaacha moto zao hapa bila kuhesabu hata skurubu. Wakisikia garage ya Apollinaire inafungaka moto na kisasi, nani ataleta tena? Utairudisha ile starter pahali pake. Halafu, kama uko na neno na muzee, muambie neno. Usimuambie na musumari.

Amempigia prefe simu mwenyewe. Atakuja keshokutwa. Nikishindwa, niende nikatafute garage nyingine. Nimemjua miaka minne, hasemi mara mbili.


Jumanne, 14 Novemba

Nimekata mpira upya. Kile cha Yannick kilikuwa na pembe, kingelika haraka. Changu ni duara. Nimepata waya mzuri, nimeupaka grisi, nimeujaribu mara thelathini.

Bado namchukia. Lakini kibaya sitakifanya mara mbili.


Jumatano, 15 Novemba

Naandika hapa hapa garage, kwenye benchi, saa nane mchana. Nisipoandika sasa nitafanya jambo jingine kwa mikono hii.

Alifika saa sita, mvua ikianza. Nikaingiza pikipiki chini ya mabati. Nikaukata msumari kwa tupa. Yeye alikaa, akaniuliza kwa nini naharibu kitu kizuri hivi. Nikaendelea. Nikafunga kimkono kwenye usukani. Nikapitisha waya. Kilipobaki kukaza skurubu ya mwisho, mikono ikasimama yenyewe.

— Prefe, nikasema.

Hapa hakuna anayemwita hivyo. Akainua kichwa.

— Ulikuwa Mwenga?

Nikasema ndiyo. Mwaka wa tatu, nilikuwa nafagia ofisi yako. Karatasi za mtihani wa hesabu. Akakunja uso, akanitafuta. Nikaona anatafuta, hapati.

— Nilifukuza wengi, mutoto wangu. Mingi sana. Siwezi kukumbuka bote.

Nilifikiri ningempiga. Miaka kumi na sita nimekaa na uso wake, yeye hana wangu! Nikamwambia na habari ya msumari. Kwamba pièce ilikuwepo. Kwamba juu hapakuwa na joto lolote. Kwamba niliuweka pale chini ili nimwone kwenye changarawe.

Akatazama magoti yake. Mvua kwenye mabati.

— Ulifanya kusudi.

— Kusudi.

— Ni kazi ya akili, alisema polepole. Nilikuwa nasema siku zote, bale batoto ba Shabunda biko na akili...

— Hukusema. Na hunikumbuki.

Kisha neno likatoka, sikulitarajia, akaliongea kama mtu anayetema mfupa:

— Lakini ile ya karatasi naikumbuka. Ilikuwa sekretere. Hervé. Alikuwa anabauzia wanafunzi. Tulimushika kisha Pasaka.

Tulimshika! Baada ya Pasaka! Mimi nilikuwa na wiki sita tu ndani ya shimo. Nikamuuliza, na mkanyamaza? Hakuna mtu wa kutembea siku mbili? Baba yangu alitembea siku mbili, na jogoo, na mguu mbaya.

— Nilifikiri utarudi mwenyewe.

— Na buletini yangu?

Akavua miwani. Akaifuta na shati, ingawa haikuwa na kitu.

— Kama ningesema mbele ya shule nzima, mimi prefe nimekosa... kesho yake nani angeniogopa?

Hivyo tu. Hakulia, hakuomba. Aliuliza kweli, kama anataka jibu. Yannick alikuwa ameacha kugonga. Papa Apollinaire akamvuta kwa mkono, wakaingia ndani.

Nikamwambia ninachotaka. Karatasi. Aandike, atie sahihi. Dada atampa katekista wa kijiji, aisome kanisani kwa sauti, baba akiwa mbele. Baba hajui kusoma lakini anajua jina la prefe Xavier. Hilo jina moja ndilo lililonifanya mwizi. Hilo hilo linitoe.

Akakubali! Haraka, karibu kwa furaha. Nikachana ukurasa wa katikati wa daftari hili. Ana kalamu yake mwenyewe mfukoni, bila shaka. Akauliza jina langu. Ikabidi nimwambie, herufi kwa herufi: Ezéchiel Kitoga. Mtoto wa Camille. Mkono wake bado ni mzuri, herufi zote zinalala upande mmoja. Akaandika mji, tarehe, mimi niliyetia sahihi hapa chini, kama wanavyoandika wakubwa. Kisha: "nathibitisha kwamba shule ilikosea".

Nikasema hapana.

— Hapana nini?

— Shule haikuongea na baba yangu. Shule haikumnyima kiti. Andika: mimi nilikosea. Na andika: nilijua baada ya Pasaka, nikanyamaza.

— Hiyo ya pili... Mutoto wangu, itasomwa kanisani. Kule ningali na watu. Nilisimamiaka ubatizo wa nusu ya batoto ba kule.

— Njo maana.

— Baba yako anahitaji kujua kama hukuiba. Ile ingine itamusaidia nini?

Labda ana haki, labda baba hahitaji. Mimi nahitaji. Nikamchania ukurasa wa pili.

Ilikuwa saa moja iliyopita. Mvua imekwisha. Kimkono kiko mahali pake, skurubu haijakazwa. Ukikivuta kinarudi, kama siku aliyokileta. Angeweza kuisukuma pikipiki hadi kileleni na kuiwasha kwenye mteremko, anajua, tulikuwa tunamfanyia hivyo. Hajainuka. Hospitali wanaingiza wageni saa tisa, na maman Euphrasie anangoja chakula chake. Kiko hapa kwenye benchi kati yetu, kimefungwa kwa kitambaa. Ameandika tena mji, tarehe, mimi niliyetia sahihi hapa chini. Hapo kalamu imesimama. Haijanyanyuka, haijatembea, wino unapanuka kwenye karatasi.

Patron ameuliza kutoka ndani kama moto ya muzee iko tayari.

Tumetazamana, mimi na prefe.

Nimejibu: bado.